Kamati ya Mfereji, Kikao cha Saba: Maji Yaliyosimama Mpakani

Tarehe: Jumamosi, 14, mwezi wa pili
Mahali: Ukumbi wa mtaa, chumba cha nyuma chenye zile kompyuta nne
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi seremala), Mweka Hazina (mwenye duka la juu), Mjumbe (fundi bomba), Katibu
Mwalikwa: Binti wa katibu, Mhandisi kama tunavyomwita ingawa bado anasoma
Hakuhudhuria: Mshona viatu, anauguza mtoto

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Kikao kilichelewa kwa kumngoja mweka hazina, aliyesema duka halijifungi lenyewe. Mwenyekiti alikumbusha kwamba mvua ziko mlangoni na watu wa kuchimba wanatosha mfereji mmoja tu: wa juu, kupitia dukani, au wa chini, kupitia chekechea. Leo lazima tuchague.

KUMB. NA. 2/7: HESABU YA MAJI
Mhandisi alieleza kwamba bonde letu limekatwa vipande vidogo ndani ya kompyuta, vikapangwa kama mayai kwenye trei, trei juu ya trei. Kompyuta moja haiwezi bonde zima, kwa hiyo nne zimegawana. Ila maji hayajui mgawo, hivyo kila moja humpa jirani yake habari za ukingo wake.
Mweka hazina alisema picha inaonyesha maji yakiishia katikati ya mteremko na chekechea ikibaki kavu, basi mfereji uwe wa juu, na mitambo itoke leo kwa kuwa inakula umeme. Aliongeza: "Maji ya mwanao yana adabu. Yanafika mpakani yanasimama kama yameombwa pasipoti."
Katibu alitaka kujibu. Mwenyekiti alimwambia kazi ya katibu ni kuandika. Katibu aliandika.

KUMB. NA. 3/7: KOSA
Mhandisi aliinamia kioo cha kompyuta. Kisha akamwambia mweka hazina, "Shangazi, hebu rudia. Yanasimama wapi?"
"Si hapo? Pamenyooka kama pamepigwa rula."
Ilionekana kwamba hapo ndipo sehemu ya kompyuta ya pili inapokomea na ya tatu inapoanzia.
Mhandisi alieleza kwamba kompyuta haioni trei. Ndani yake mayai yote yamelala mstari mmoja mrefu, safu baada ya safu, kama shanga kwenye uzi. Ukitaka ubavu wa trei, mayai yake hayafuatani. Moja liko hapa, lingine mbali kule. Unaiambia mambo matatu tu: ukubwa wa trei zote, ukubwa wa kipande unachotaka, na kinapoanzia. Yenyewe inaruka, inaokota yale yale, inampa jirani, naye anayapanga mahali pake. Fundi bomba aliuliza kama ni hivyo hata trei zikipandana. Akajibiwa ndiyo, urefu, upana na kina. Fundi bomba alivua kofia.
Kosa lilikuwa hili: kikao cha sita mwenyekiti aliomba picha igeuzwe, mlima uwe juu, kwa sababu shingo ilimuuma. Mhandisi aligeuza bonde lote, akasahau kugeuza maelezo ya ukingo. Urefu ukabaki mahali pa upana, jirani akawa anapewa mayai ya kwingine kabisa. Mwenyekiti alisema yeye aliomba picha tu. Kikao kilipokea.
Mhandisi alirekebisha, akawasha upya. Maji yalifika pale penye mstari, yakavuka. Hapakuwa na mshono. Hakuna kompyuta hata moja iliyoliona bonde zima, na bonde lilikuwa zima mbele yetu, Mungu ni shahidi. Yaliteremka yakaingia chekechea, yakapanda hadi madirishani.
Halafu mweka hazina akasema, "Mjukuu wangu anashinda pale."

KUMB. NA. 4/7: UAMUZI
Mweka hazina ndiye aliyetoa hoja kwamba mfereji uwe wa chini. Wote waliunga mkono. Mitambo ibaki.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja jioni, lakini mweka hazina hakuinuka. Alisema, "Mwanangu, tuchimbie kwanza humo ndani." Mhandisi aliuchimba mfereji kwenye trei za kompyuta, maji yakaachiwa kutoka mlimani. Tulisimama wote nyuma ya kiti chake hadi yalipokunja kona na kuyaacha madirisha makavu.

Mwenyekiti: ....................
Katibu (mama yake Mhandisi): ....................