Nilivyosimama Barazani kwa Baba Yako

Mpendwa mchumba wangu (sijui kama bado nina haki ya kukuita hivi),

Kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango. Haya nitakayokuambia asiyasikie shangazi yako hapo Malindi, wala mama yako, wala rafiki unayemwamini kuliko wote. Ukimaliza kusoma, barua hii itie jikoni iungue. Waujua Mji wa Kale ulivyo. Yule mzee aliyeteguka kiuno ujanani aliitwa Kiuno mpaka siku tuliyomzika.

Nakumbuka dukani kwa mjomba wako, Biashara Street. Nilikuwa nikitoka ofisini Shimanzi saa ya chakula, vumbi la malori kwenye viatu, nikijidai namtafutia mama leso ya kujifunga. Nikanunua Jumatatu, nikanunua Jumatano, Alhamisi nikarudi tena. Ulikunja leso polepole bila kunitazama, ukauliza, "Kwani mama yako ana viuno vingapi?" Nilicheka mpaka nikasahau chenji.

Nakumbuka pia siku uliyonisukumia kigoda, nami nikakataa. Ukasema, "Kaa basi, ama kiti chetu chauma?"

Ungalijua. Maradhi yalikuwa yameshanianza. Ni bawasiri. Nimeliandika neno lenyewe. Laiti ningelisema siku ile, ungecheka kidogo kisha ungenihurumia, na mambo yangeishia pale pale dukani. Badala yake nikasema nina haraka.

Baadaye nilipasuliwa. Wewe na watu wote niliwaambia nimetumwa Voi kwa kazi. Siku ya kutoka hospitali, nesi, mama wa makamo, alinipa marhamu nyeupe ndani ya tyubu. "Kaa kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu," akasema, "ujifute taratibu, kisha upake kidogo. Ikiisha, kanunue nyingine. Usione haya, mwanangu. Maumivu hayana haya."

Ile marhamu ilinifaa sana. Nikishapaka, mahali pale palipoa, pakafa ganzi, nikaweza kukaa nikala kama mtu. Isipokuwepo, hata kukohoa kulinitoa machozi.

Ndipo mjomba wangu aliponiletea habari. Baba yako ameipokea posa tuliyopeleka, ila ataka kwanza kunitazama mwenyewe. Nije Ijumaa baada ya Alasiri, tunywe kahawa barazani. Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilikamua tyubu, haikutoka kitu. Mchana nikaenda duka la dawa la mtaani. Ndani walikuwapo mama wawili wa kichochoro chenu, mmoja akaniamkua kwa jina. Muuzaji akasema, "Karibu bwana karani, nikupe nini leo?"

Nikaomba vidonge vya kichwa. Adhana ya Alasiri ikanikuta mlangoni, navyo vimo mfukoni.

Yaliyofuata uliyaona, maana najua ulikuwa nyuma ya pazia la dirisha la juu. Pengine hukusikia maneno. Baba yako alinipisha kando yake kwenye lile jiwe la baraza. "Karibu, mwanangu. Kaa kitako, kahawa yaja."

"Nashukuru, mzee. Nimesimama tu, si neno."

Kahawa ikamiminwa, halwa ikaletwa. "Kaa, baba."

"Sijachoka, mzee."

Rafiki yake akamgusa goti. "Mwache. Suruali ya ofisi hiyo, jiwe litaikunja." Wazee wakacheka. Baba yako hakucheka. Alisema taratibu, akitazama kikombe chake, "Jiwe hili alilikalia babangu, na babake kabla yake. Ikiwa halimfai yeye, na binti yangu hamfai."

Neno moja tu lingeniokoa, nalo lilikuwa mdomoni. Nikameza kahawa, nikaaga. Niliogopa kuchekwa, nikachagua kuchukiwa.

Sasa nimepona. Nakaa kwenye kiti cha ofisi kutwa nzima nikipiga taipu, na kila nikikaa nakukumbuka. Nasikia huko Malindi, ulikopelekwa baada ya siku ile, yaja posa nyingine. Sikulaumu ukiikubali. Mimi mwenyewe nilikuacha usimame na aibu ya kiburi nisichokuwa nacho.

Lakini nimefikiri tena juu ya ile siri. Usimwambie mtu yeyote, ila baba yako. Mwambie neno lenyewe, bila kulifunika. Akicheka, na acheke.

Usinipigie simu ofisini, iko mezani kwa mkubwa wangu. Jibu lako litume, likiwa limefungwa, dukani kwa mjomba wako, nami nitalipitia Ijumaa saa ya chakula. Kama baba yako ataniita tena, nitakuja baada ya Alasiri, kwa suruali ile ile. Nitakaa juu ya jiwe lile mpaka yeye aniambie inuka.

Mimi, yule mchumba wako aliyesimama.