Neno Ulilompa Mbwa

Baba,

Mbwa wako alimng'ata mwinjilisti. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeanza kuuliza, habari za mbwa kwanza, sisi baadaye. Alimng'ata siku ya kuanua matanga, mguuni, mbele ya nusu ya kijiji cha Sapiwi, na suruali ikachanika mpaka gotini. Watu walikimbia na sahani zao. Mimi nilibaki katikati ya uwanja nikiita "Watasema! Watasema!" na kweli wakasema. Uliona raha kumpa mbwa jina la kuwachokoza majirani. Ungebaki basi, ulione likitimia.

Baba mdogo alitaka achomwe mkuki palepale. Mabula, mwanao uliyemsomesha mpaka akapata kazi Mwanza, akasema mbwa akiuawa basi na Mama ahamie kwake, maana mjane hawezi kukaa peke yake katika nyumba iliyo mbali na watu bila hata kitu cha kubweka. Mama aliinama tu. Hajawahi kulala mjini akaamka bila kichwa kumuuma. Mihogo yake iko hapa, kuku wake wako hapa, na kaburi lako liko hapa nyuma ya zizi, ingawa sijui anataka nini nalo. Nikawaambia niachieni huyu mbwa mpaka pamba ianze kupimwa, akimgusa mgeni mwingine fanyeni mtakavyo. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale Bariadi, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nikamchukua na Limi, mjukuu wako, tukaja.

Lo, Baba. Mbwa gani ulimlea? Alirukia wageni, alifukuza baiskeli, alifyonza mayai ya kuku wa Mama mpaka kuku wenyewe wakahama kiota. Lakini ugali hakula. Nilimwekea ugali na dagaa, akaunusa, akakaa chini, akanikazia macho mdomoni. Kesho yake hivyohivyo. Watu wakasema anakulilia. Mimi nikasema ananidharau, amerithi kwa mwenye mji.

Basi nikashika fimbo. Ungetegemea nini? Ndiyo elimu niliyoipata kwako. Nilichelewa kurudi kisimani, fimbo. Ndama aliingia kwenye pamba, fimbo. Mabula alivunja chungu, fimbo ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Siku hiyo nilimkuta Watasema ana ganda la yai mdomoni, nikainua fimbo juu, na yule mbwa hakukimbia. Hakujikunyata hata kidogo. Alinitazama akitikisa mkia. Nikairusha kwa hasira ikampita sikioni, naye akaikimbilia, akaiokota, akaniletea. Akailaza miguuni pangu taratibu, akakaa, akanikazia macho mdomoni.

Hakuijua fimbo. Nilisimama pale nikaelewa kwamba miaka yote hukuwahi kumpiga.

Mama alikuwa mlangoni. Tangu tukuzike alikuwa hatoki kwenye mkeka wake, hasemi, na siku ile ndiyo kwanza alitoka. Akasema kama anayenikumbusha kuweka chumvi: "Usimpige huyo, mayu, mwanangu. Baba yako hajawahi kumgusa. Anasubiri umwambie wabeja. Hali kitu huyo mpaka aambiwe."

Wabeja! Neno la asante tu, ambalo hapa kwetu hata mlevi humwambia aliyemwinua mtaroni. Nikalisema, kwa sauti mbaya, nikiangalia pembeni. Watasema akaruka kwenye sahani yake akala ugali wa jana uliokauka, akala mpaka sahani ikasogea yenyewe uwanjani. Nikaingia jikoni nikalia. Sikukulilia wewe, usije ukajisifu huko.

Nililia kwa sababu nilikuwa nimelingoja neno hilo. Nilipofaulu darasa la saba nilikimbia kutoka shuleni mpaka zizini, ukiwa unakamua, nikakwambia nimefaulu. Ulisema, "Ng'ombe hawajanywa maji." Nikawapeleka. Mwaka ule tulipochuma pamba nyingi nilibeba mizigo iliyowashinda wanaume, ukaniambia nisiikanyage ile iliyodondoka. Na mwisho, pale wodini, nani alikuwa anakuosha? Mabula alikuwa anapiga simu. Mimi ndiye niliyekugeuza, nikakulisha uji, nikabadilisha shuka, nikavumilia macho ya wagonjwa wengine. Asubuhi ile ulinishika mkono, nikasema moyoni haya, leo atalisema. Ukaniuliza, "Mbwa amekula?"

Sikukujibu. Nilikuwa na hasira, na sikujua kama ndiyo maneno ya mwisho.

Kumbe uwezo ulikuwa nao. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa bubu wa moyo ningekusamehe tangu zamani, maana mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Lakini ulikuwa nacho. Ulikuwa ukitoka nacho kila alfajiri, unatupita sisi tumelala, unakwenda kumpa mbwa.

Basi nimemfundisha kwa neno lako. Nilimfunga kamba kwenye nguzo ya zizi, nikanunua dagaa wa kutoka Nassa. Mama alikuwa anakwenda nje ya uzio, anarudi akijifanya mgeni, anapaza sauti ya salamu, "Mwangaluka!" Watasema akibweka simjibu, namwambia tu "Kaa." Akikaa, nampa dagaa na neno. Baada ya Mama akaja mke wa jirani, halafu mumewe na baiskeli, akiisukuma kwanza, baadaye akiipanda. Mayai tuliyaweka mbali naye, maana mwenye njaa hafundishiki na chakula kikiwa puani. Mwanzoni neno lilinikwaruza koo. Siku hizi linatoka.

Pamba ilipoanza kupimwa Baba mdogo alikuja, na kwa ujeuri wake akamleta mwinjilisti yuleyule, na suruali ileile niliyomshonea kiraka. Mkuki aliuegemeza kwenye uzio. Nilikuwa nimemfungua mbwa, Baba. Watasema alinguruma. Alimtazama mwinjilisti, akanitazama mimi, nikamwambia "Kaa." Akakaa. Mwinjilisti akapita kwa kunyata, akafika kwenye kiti. Mama aliweka mkono kinywani. Baba mdogo alikunywa uji, akauchukua mkuki wake, akasema Mabula aambiwe mama yake haendi popote.

Mama anabaki. Hilo nimelifanya mimi, na najua hata lingekukuta hai ungeniuliza kama ng'ombe wamekunywa.

Kuna lingine moja, nalo sikutaka kuliandika. Jana Limi alitoka kisimani na ndoo kichwani, hajamwaga hata tone. Nilikuwa nimeinama nikiokota mboga. Nikamwambia, "Wabeja, mwanangu." Akasimama. Akageuka nyuma yake kuangalia kama mbwa yupo.

Baba, nilikaa chini pale kwenye majani ya mihogo. Nilikuwa nikikulaumu wewe tangu asubuhi.

Sasa naondoka, shule zinafunguliwa. Mama ameshika neno na dagaa, mbwa atamtii. Wewe lala. Wewe wabeja sikupi, bado sijaipata moyoni ya kukupa, na sitaki kukudanganya mbele ya kaburi. Ninachokuahidi ni hiki: Limi hatageuka nyuma tena. Atalisikia mpaka alizoee, mpaka lisimshtue, mpaka akilipata kwa watu wengine asione wamempa kitu kikubwa.

Na lile uliloniuliza wodini, jibu lake hili hapa. Amekula, Baba. Mbwa amekula.

Mwanao,
Nkwimba