Chupa Yako Iliyoandikwa "Bado"

Mwaka umetimia, Shangazi, tangu moyo wako usimame ukiwa umeinamia hadubini, kibanio mkononi.

Ulitufundisha kuwatambua minyoo wa baharini, wale wenye nywele ngumu ubavuni: kwanza kichwa, halafu taya, halafu nywele, pingili kwa pingili. "Usimpe mtu jina kabla hujamhesabu," ulisema, nasi tukakuita Mama Pingili. Ukaitika.

Ulikuwa na mkono mpole. Mnyoo akikatika, ulimwomba radhi. Sisi tukivunja kikombe, tulikiona cha mtema kuni.

Kila mwezi ulichota tope ufukweni, karibu na bomba la kiwanda, wanapoogelea watoto wetu. Zamani sahani moja ya tope hilo ilikuwa na aina arobaini za minyoo. Mara ya mwisho ulipata nne. Mkuu wako wa maabara alicheka: "Bibie, minyoo ni minyoo." Ukamjibu: "Na wakubwa ni wakubwa, mpaka uwahesabu meno."

Uliacha chupa moja dirishani, ndani yake mnyoo mwekundu, mwembamba kama uzi, na lebo yenye neno moja: Bado. Tulidhani hujamtambua. Tukawa tunaipangusa vumbi tu, na likizo nzima tukawaacha watoto waoge palepale.

Wiki iliyopita tulifungua daftari lako. Kumbe ulimtambua siku ileile ulipomchota: nywele hadi pingili ya saba, kisha ndoano. Ni yule anayestawi penye tope lililooza, wenzake wakifa. Chini yake uliandika: "Minyoo wengi wamekwisha. Bado sisi."

Lilikuwa onyo, Shangazi, nasi tukalisoma kama kazi uliyoiacha njiani. Tunaona aibu, na tunaogopa.

Jumamosi tulikwenda kuchota tope wenyewe. Tulihesabu mara tatu, kama ulivyotaka. Sahani nzima ni yule mwekundu peke yake. Mkuu anasema tusubiri ripoti.

Unakumbukwa na kaka yako, ambaye hataki kiti chako kikaliwe. Wifi yako, mliyetaniana naye hadi siku ya mwisho. Sisi watoto wa kaka yako. Na wajukuu zako wawili. Mdogo wao anajikuna shingoni tangu likizo.

Kukusahau hatuwezi, hata tungetaka. Kila asubuhi wajukuu husimama mlangoni na taulo zao, wakiuliza kama leo wataogelea. Tunawajibu kwa neno lako.