Vitanzi vya Mwanzo

12 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi sijambo, nipo tu.

Umeniuliza mara mbili ninaendeleaje, na mara zote nimekujibu "salama". Sina jibu jingine. Naamka, naenda ghala la baridi, napanga maboksi ya samaki, narudi. Mle ndani mikono inakufa ganzi, halafu ukitoka ukashika kikombe cha chai ndipo inauma. Wenzangu wanaruka-ruka na kupiga kelele. Mimi nashika kikombe, nakunywa, basi. Tangu tumzike mke wangu ndivyo nilivyo. Watu walikuwa wanalia pale, mimi nilikuwa nahesabu viti.

Jirani yangu wa chini, muuguzi mstaafu, amenilazimisha nijifunze kazi fulani ya mikono. Kila Jumamosi naketi sebuleni kwake. Sitakwambia kazi gani, maana nakujua, utacheka mpaka ubanwe mbavu halafu uwasimulie wapishi wenzako wote. Sisemi naipenda. Nasema tu kwamba nikiwa pale saa zinakwenda.

Nisalimie nyumba nzima.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Sisi wazima. Shemeji yako mguu umepona na kelele zake zimerudi, kwa hiyo nusu raha nusu karaha.

"Nipo tu" ndiyo nini? Meza ipo tu. Masufuria ya shule yapo tu. Wewe ni mtu, bwana! Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, mpaka nikaunguza chakula cha shule nzima, na mwalimu mkuu akaja kunusa mlangoni kama paka.

Niseme wazi, nakuogopea. Wifi yangu nilimpenda. Nimemlilia mpaka macho yakavimba, na bado namlilia nikimenya vitunguu, kwa sababu hapo hakuna anayeniuliza nina nini. Wewe hujadondosha hata tone. Unaniandikia kama karani. Naogopa siku moja nitapigiwa simu na mtu nisiyemjua. Mama alipotutoka nilikulea mimi, kwa hiyo nina haki ya kuogopa, usinibishie.

Halafu hiyo kazi ya siri ni ipi? Umeanza kusuka watu nywele? Unaoka keki? Sema, jamani, nisije nikapasuka.

Dada yako


9 Machi, ujumbe wa simu

Shikamoo Dada. Nimeshaamua. Leo natia kitanzi mwenyewe, bila msaada wa mtu. Nazima simu nisije nikababaika katikati. Usiwe na wasiwasi. Mdogo wako


9 Machi, ujumbe wa simu

Mdogo wangu washa simu. Washa simu nakuomba. Kwa ajili ya mama, pokea. Nimempigia mwenye nyumba wako anakuja mbio. Usifanye kitu. Nisubiri mimi. Nisubiri. Dada yako


11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Juzi kwenye simu ulikuwa unalia, mimi nikawa naeleza, na naona hatukusikilizana. Naandika ili uelewe vizuri.

Ninafuma, Dada. Ndiyo hiyo kazi. Nafuma sweta, yaani siku moja litakuwa sweta. Kwa sasa ni kitu kisicho na jina, huku kipana, huku chembamba. Mwalimu wangu, yule jirani wa chini, kila duara la uzi linalokaa kwenye sindano analiita kitanzi. Ukianza kazi unatia vitanzi. Ukizubaa kimoja kinaponyoka, na kazi yote inafumuka hadi chini. Muda wote huu alikuwa ananitilia yeye, mimi naendeleza tu. Siku ile akasema, "Leo panda chumbani kwako ukatie mwenyewe." Nikaona nikwambie. Neno lile nimelisikia kila Jumamosi mpaka nikasahau kwamba nje ya sebule ile lina maana nyingine.

Mwenye nyumba alikuja na seremala. Hawakugonga. Mlango ulianguka wote, na bawaba zake. Wakanikuta nimekaa kitandani, ulimi nje, nahesabu vitanzi. Seremala akaniangalia, akaangalia dari, akaniangalia tena. Akaniuliza, "Huo uzi rangi gani, mzee?" Nikamwambia kijivu. Mwenye nyumba alikaa sakafuni akashika kichwa. Mimi kwa mshtuko nilikuwa nimechomoa sindano, vitanzi vyote vikamwagika. Mwalimu akapanda ngazi na magoti yake mabovu, akatutazama sote, akasema, "Haya, anza upya."

Kazini habari zimefika. Sasa naitwa Bibi Sweta. Sikukasirika. Sikucheka pia.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mimi nywele zimeota mvi za ghafla na bili ya kupaka rangi nitakuletea wewe.

Nimecheka, nisikufiche. Nilikuwa stoo nachota unga, nikamkumbuka yule seremala na swali lake la rangi, nikalazimika kukaa juu ya gunia. Bibi Sweta! Mtu mzima na ndevu zake! Walioanza jina hilo wapewe zawadi.

Ila kuna kitu kimenikaa kooni. Ujumbe ule nilipousoma, sikushangaa. Angekuwa mtu mwingine ningesema labda ana maana nyingine, hebu nimuulize kwanza. Kwako wewe niliamini hapo hapo. Nilikuwa kama mtu aliyekuwa akiusubiri. Sijamwambia mtu, hata shemeji yako.

Basi nakuuliza mara moja tu, na unijibu kama ambavyo ungemjibu mama. Nilikosea?

Dada yako


6 Aprili, ujumbe wa simu

Barua yangu umeipata? Dada yako


17 Aprili, ujumbe wa simu

Hunijibu. Najua uko hai, kila jioni nampigia mwalimu wako. Lakini nataka jibu lako wewe. Dada yako


30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Barua yako niliipata mapema. Nimeianza hii mara nyingi nikaichana.

Ulikosea siku tu.

Ilikuwa Januari, kabla sijashika sindano. Nilikuwa nimeshaamua redio yangu apewe nani. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimetulia kabisa, nimefagia chumba, nimeosha vyombo. Ndipo jirani akagonga, akasema ana uzi umemshinda kukunja, nishuke nimsaidie. Ile kazi unanyoosha mikono mbele, anakuzungushia uzi kwenye viganja, halafu yeye anauvuta taratibu akiviringisha donge. Mikono yote miwili inakuwa imeshikwa, huwezi hata kujikuna pua. Nilisimama hivyo alasiri nzima. Alipomaliza akaniambia Jumamosi ana uzi mwingine. Hakuniuliza kitu. Nafikiri alijua, ameuguza watu maisha yake yote.

Wiki iliyopita nilimweleza kwa mdomo wangu. Kesho yake tulikwenda kwa daktari, yeye akabeba uzi na sindano zake akafuma tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Nitarudi kwa daktari Jumatatu.

Sasa nakwambia kitu kingine. Tangu siku niliyomweleza jirani naogopa. Naogopa kweli, nikikumbuka Januari natetemeka mpaka naweka kazi chini. Ni kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi, na sikipendi hata kidogo. Daktari anasema ni dalili njema. Yeye hatetemeki.

Sijui kuomba vizuri. Njoo, Dada.

Mdogo wako


5 Mei, ujumbe wa simu

Marahaba mdogo wangu. Barua imefika. Nimelia, nimemaliza, sasa nafungasha. Shule watapikiwa na mwingine, wakila kibichi shauri yao. Basi linaondoka alfajiri, nitafika kesho mchana. Usije stendi. Baki ndani na sindano zako. Nitapanda ngazi mwenyewe, na safari hii siji na seremala. Nitapiga hodi. Nitapiga mara moja, mara mbili, ikibidi mpaka jioni. Wewe kazi yako ni moja tu, uitikie karibu. Nataka nikusikie ukisema. Dada yako