Ukurasa Ambao Sikuusoma Siku ya Mazishi Yako

Baba,

Wiki tatu zimepita tangu tukuzike kando ya mibuni. Udongo umeshuka, na Mama ameuongeza mara mbili. Matokeo ya mtihani wangu bado hayajafika. Gitaa lako limefungwa kwa gunia. Mama anasema ni kwa sababu ya vumbi.

Nina jambo la kukuungamia.

Nyumbani waliniambia niandike historia yako ya kusomwa mazishini kwa sababu nimemaliza shule na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili nilieleza jinsi ulivyoosha sahani kwenye kambi ya wanajeshi Nanyuki, kabla ya Uhuru, ukasikia santuri za bluzi kupitia dirisha la jikoni, ukazishika kwa sikio tu. Nilieleza kwamba Karatina walikutaka na kodiani, ili wazee wacheze dansi yao ya mwomboko. Kwamba Kianyaga hakukuwa na harusi bila wewe. Kwamba Naro Moru, kwenye bugi, yaani dansi ya Jumapili mchana, wapagazi wa mlimani walikuja na matope miguuni kusikia gitaa likilia.

Mzee wa kanisa aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama karibu na jeneza. "Msichana, hii mambo ya baa hatuwezi soma mbele ya watu wa Mungu," akasema, akaukunja na kuutia ndani ya Biblia yake. Nilishika ukurasa uliobaki. Unanijua. Nikasoma kwamba ulikuwa mkulima, fundi wa baiskeli, na baba wa watoto wanne.

Watu wako wa muziki walikuwa wamesimama nyuma, kwenye ua. Walikuja na malori kutoka Nanyuki na Wang'uru. Hawakulijua jina lako la ubatizo. Kwao ulikuwa Chupa, kwa ile shingo ya chupa uliyoivaa kidoleni ukiitelezesha juu ya nyuzi za gitaa. Nilipomaliza kusoma, mama mmoja wa Wang'uru akamwuliza mwenzake, "Kwani tumekuja matanga gani? Huyu wamesoma ni nani?" Mwenzake akajibu ati labda gari linaloleta jeneza la Chupa bado liko njiani.

Baba, waligeuka wakaangalia barabara. Wengine waliondoka kabla hatujarudisha udongo.

Tangu siku hiyo nikilala naona migongo yao.

Nakumbuka uliponipeleka Wang'uru baada ya mavuno ya mpunga. Nilijificha nyuma ya spika. Nyuzi mbili zikakatika katikati ya wimbo, na watu wakaanza kukutania: "Chupa, leo umepasuka!" Ukacheka, ukatoa kinanda cha mdomo mfukoni, ukaumalizia wimbo kwa pumzi, mguu ukigonga ubao. Hakuna aliyecheza. Walisimama na vikapu vyao, kimya kabisa, nami nikadhani wamekasirika. Njiani ukaniambia, "Maitu, watu wakinyamaza usiogope. Wamefika." Uliniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yako. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Na pumzi hiyohiyo ndiyo iliyokuishia.

Jumanne Bwana Saidi, mpiga ngoma wako, alikuja kutoka Nyeri mjini. Hakutaka chai. Alisema Jumapili watapiga Naro Moru bila wewe. "Kuna watu huko hawajui bado," akasema. "Wananiuliza Chupa anakuja lini. Mimi niko na ngoma tu, mwanangu. Maneno sina." Halafu akaangalia kofia yake mpaka nikaelewa anachoomba.

Nimeuandika upya ukurasa ule. Nilimwambia Mama, nikitarajia atakataa, maana hakuwahi kukanyaga bugi lako hata moja. Aliendelea kuchambua maharagwe. Baadaye sana akasema, "Andika kwamba alipiga gitaa kwa harusi yetu yeye mwenyewe, akiwa na suti yake. Bibi arusi nilikaa peke yangu mchana mzima." Sikujua hilo. Nimeliandika.

Jumapili nitakwenda. Pengine nitasoma nikiangalia viatu vyangu, lakini nakuahidi sitaruka mstari. Nitaanza kwa kuwaambia umekufa, kwa kuwa hilo hawakuambiwa. Kisha nitawaambia ulikuwa nani.

Pumzika, Baba.

Nyambura wako