Vijana wa Tanganyika Waliocheza Keroka

Jumatatu, jioni. Mvua ya Kisii imekuja saa yake ileile ya alasiri, imenyesha kwa fujo, sasa imekatika na barabara mbele ya hoteli yangu ya chai ni tope jekundu tupu.

Nina hasira. Nimekanda unga tangu adhuhuri nikidhani hasira itaishia mikononi. Haikuisha. Mama ameonja mkate akaniuliza kama nimeupika au nimeupiga.

Nianze na Ijumaa.

Siku hiyo lori la kutoka Musoma lilisimama hapa mlangoni, na nyuma yake wamejibana vijana waliolowa chapachapa. Akashuka mtu mzima mmoja, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, akanisalimu kwa Kiswahili cha Tabora kisicho na haraka. Jina lake Mwalimu Saidi. Akaniambia hawa ndio timu ya vijana ya Tanganyika, wamekuja kucheza na vijana wa Kisii siku ya Jumapili. Afisa wa michezo wa wilaya, Mzungu, ndiye aliyewaalika. Aliwaahidi mabweni ya shule ya serikali na uwanja wa shule. Wamefika, wamekuta mabweni yamejaa Wazungu wa mashamba ya chai ya Sotik, waliokuja kucheza kriketi. Uwanja nao wamepewa wao mpaka wiki ijayo.

"Sasa nyinyi amesema mlale wapi?" nikamuuliza.

"Amesema tuna lori, dada yangu."

Wana lori! Kana kwamba ni viazi.

Mume wangu Rajabu aliinuka papo hapo. Alianza kuzisogeza meza ukutani ili mikeka ipate nafasi. Wengine wakachukuliwa na majirani zetu wa mtaa huu wa Waislamu, nyumba kwa nyumba. Mama, ambaye ni Mgusii wa Magwagwa na alisilimu alipoolewa na baba, akawasongea obokima, ule ugali wetu wa wimbi. Kijana mmoja wa Tanga aliutazama ulivyo mweusi, akanong'ona, "Bibi, huu umeungua?" Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kijana huyo ndiye nahodha wao, Kasimu. Tangu hapo mama alimwita mume wake.

Jezi zao tulizianika juu ya meko. Zilikauka, lakini zilinuka moshi kama samaki wa Kisumu.

Wakati wakila, Mwalimu Saidi alinieleza timu hiyo ilivyozaliwa. Zamani Tanganyika ilikuwa na timu ya watu wazima tu. Yeye na walimu wenzake walihangaika miaka, wakibisha mlango huu na ule Dar es Salaam, mpaka wakakubaliwa kukusanya vijana wa Tanga, Bukoba, Tabora na Dodoma wawe timu moja. Walikutana Mwanza kwa mara ya kwanza, hawajuani, wakagombana siku nzima kuhusu nani anazungumza Kiswahili kibovu. Sasa hii ndiyo safari yao ya kwanza nje ya nchi yao. Kisii kwanza, halafu Kisumu. Wakirudi na sifa njema, timu itaendelea. Wakirudi na matatizo, wakubwa watasema, si tuliwaambia?

Ndiyo maana hakupiga kelele pale shuleni. Aliogopa kuonekana mkorofi.

Nikamwambia mimi ningepiga.

Magharibi akaja Bwana Nyakundi, karani wa ofisi hiyohiyo ya michezo. Ni Mkristo wa Keroka, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wetu wa Kisii. Alisimama mlangoni, hajui atazame wapi.

"Mama Zuhura, nimeaibika," akaniambia. "Vijana wangu wamefanya mazoezi tangu mwezi jana. Na hawa wametoka mbali hivi."

"Aibu si yako," nikamjibu. "Lakini usisimame hapo tu. Kwenu Keroka hakuna mahali?"

Akafikiri. Upo uwanja wa mnada wa ng'ombe, na Jumapili hauna mnada. Jumamosi isingewezekana hata kidogo, maana nusu ya vijana wake ni Wasabato na siku hiyo hawagusi mpira. Asubuhi yake akaenda kwa chifu, na chifu akakubali.

Basi jana tulikwenda Keroka, mimi na Rajabu na mama, ndani ya lori lilelile la Musoma. Nilidhani tutakuta watu wachache waliotoka kanisani. Tulikuta uwanja umejaa! Watu walitoka Nyaramba kwa miguu, wametoka mpaka Magwagwa, akina mama na mikungu mizima ya ndizi kichwani. Sijui nani aliwaambia.

Uwanja wenyewe una mteremko, na samadi ilikuwa bado mbichi. Timu iliyoshambulia kutoka juu mpira uliiteremkia wenyewe, na ya chini iliupandisha kama inapandisha gari. Kila mtu pekupeku. Vijana wetu walitangulia kufunga mawili, na mama akasahau mume wake wa Tanga akapiga vigelegele. Baada ya mapumziko Tanganyika wakapata upande mzuri. Kasimu akafunga, wakasawazisha, halafu mwishoni kabisa yeye tena akapiga kichwa akaanguka kwenye samadi, na mpira ukaingia. Tatu kwa mbili.

Mimi ni mtu wa Kisii na nilishangilia. Kila mtu alishangilia. Wazee wa Keroka waliingia uwanjani kuwashika mikono wageni wakisema "Mbuya mono, mbuya mono," ni vizuri sana, na Kasimu akaitikia vilevile bila kujua maana yake. Mwalimu Saidi alijitenga pembeni ya mti wa mkaratusi akijifuta macho kwa kofia.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo asubuhi afisa amekuja mwenyewe na Landrova yake. Hakuingia ndani. Alisimama barabarani, mimi nikiwa na birika mkononi, akamwita Mwalimu Saidi kama anayeita mbwa.

"Nani ametoa ruhusa ya kucheza?"

"Bwana mkubwa, wewe ndiye uliyetualika kucheza," Mwalimu akasema taratibu.

"Mimi sikutoa ruhusa. Kwa hiyo hakuna mechi iliyochezwa. Umesikia? Hakuna mechi."

Halafu akasema amekwisha kupiga simu Kisumu na mechi ya huko imefutwa. Warudi Musoma leo hii. Na wakubwa wao Dar es Salaam ameshawaambia kwamba timu imezurura wilayani bila kibali. Bwana Nyakundi alikuwa ndani ya Landrova, ameketi nyuma. Hakuwa na tai. Tumesikia baadaye kwamba amefukuzwa kazi.

Watu wa Keroka, Nyaramba na Magwagwa wote wameona kwa macho yao, na mtu mmoja anasimama kwenye tope anasema hakuna.

Nilimuuliza Mwalimu Saidi kitakachowapata. "Watatuvunja," akanijibu. "Kila mmoja atarudi kwao." Alisema hivyo huku akikunja mikeka yangu vizuri kabisa na kuipanga mmoja juu ya mwingine, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Timu iliyotafutwa miaka mingi imecheza mechi moja, imeshinda, na imekufa. Mama alimfungia Kasimu mkate na ndizi katika leso. Kasimu hakufanya mzaha wowote. Aliinama tu akambusu mkono.

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri.

Nami ningelia nikanyamaza, kama wasingeniongezea. Mvua ilipoanza, akaja askari wa ofisi, amejifunika gunia. Afisa ameagiza pilau, sufuria mbili kubwa, kwa ajili ya wageni wake wa kriketi. Iwe tayari kesho mchana. Amesikia pilau yangu ndiyo bora mjini.

Nikamwambia sipiki.

Askari alicheka, akadhani natania. Aliponiona sicheki, akashusha sauti. "Mama Zuhura, nimwambie unaumwa?"

"Mwambie mimi ni mzima, na nimekataa."

Rajabu alisikia yote kutoka jikoni. Leseni ya hoteli hii inatoka ofisi zilezile, na wote wawili tunajua. Tangu hapo anatembea huku na huku, anapangusa meza ambazo ni safi. Hajanilaumu, lakini naona anavyoutazama ule mlango alioutengeneza kwa mikono yake. Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: naogopa na sijutii.

Nimemtuma mtu Keroka kwa Bwana Nyakundi, aje na mkewe wale nasi. Hakuna lingine ninaloweza kumpa.

Alfajiri nitawasha moto wa chai na kufungua mlango kama siku zote. Tutaona nani ataingia kwanza, wateja au askari.