Nilipozipunguza Prosesa za Simu

Jumatatu, tarehe 4
Chai, kisha ukaguzi wa mashine pepe zetu zote, zile kompyuta zilizoko mtandaoni tu. Jukwaa la wingu tunalokodi limetuwekea kikomo: prosesa thelathini na mbili, haizidi hata moja. Tumezimaliza. Kumi na mbili ziko kwenye mashine ya simu za uzazi, ile inayopokea simu za wajawazito kuanzia Tiwi hadi Wasini na kumwonyesha Halima, mwenye zamu ya kutuma magari, gari la wagonjwa liende wapi. Mkurugenzi anataka mashine mpya ya ramani, ya kuwaonyesha wageni wafadhili Alhamisi. Nimeomba kikomo kiongezwe. Jibu: ombi linashughulikiwa.

Jumanne, tarehe 5
Hakuna jipya. Mkurugenzi kaja mezani kwangu mara tatu. "Punguza kwenye simu, uweke kwenye ramani. Siku mbili tu, Mwanasha."
Nimemwambia simu zikija kwa pamoja zitakwama. Akasema simu zenyewe ni chache. Ni kweli, huwa ni chache.
Saa kumi alasiri nimebadilisha. Ramani, kumi. Simu, mbili. Kwa mkono wangu.

Jumatano, tarehe 6
Simu zinapita. Polepole, lakini zinapita. Sijapenda. Nimeziacha hivyo hivyo.

Alhamisi, tarehe 7
Wageni walipiga makofi. Wakati huo simu zilikuwa zimepanga foleni ndani ya mashine, na mimi sikuwa natazama. Nilikuwa nabeba sahani za mahamri.
Halima aliingia, uso umemsawijika. "Simu ya kutoka kijiji cha Bodo ndiyo kwanza imenifikia. Imepigwa dakika kumi na saba zilizopita."
Nikazirudisha prosesa pale pale. Ramani ikazimika mbele ya wageni. Gari likaondoka. Yule mama wa Bodo alikuwa anavuja damu.
Yeye wamemuwahi. Mtoto hawakumuwahi.

Ijumaa, tarehe 8
Sikwenda kazini. Nimeswali, nikainua mikono, nisijue niombe nini. Adhuhuri barua pepe imeingia: kikomo kimeongezwa, prosesa sitini na nne. Nimecheka peke yangu mpaka nikajiogopa.

Jumatatu, tarehe 11
Ripoti ya tukio imetoka. Kuhusu simu kuna mstari mmoja: mpigaji alibonyeza namba isiyo sahihi. Mpigaji ni mume wa yule mama, Bakari, fundi baiskeli. Ofisi imempigia kumwambia hivyo.
Nimefungua kumbukumbu za mashine. Alibonyeza moja, na moja ndiyo namba ya dharura. Akaambiwa asubiri. Ikakatika. Akapiga tena, moja. Akapiga tena, moja.
Nimempelekea Mkurugenzi. Alisoma yote. "Mtoto hatarudi, Mwanasha. Unataka mradi ufungwe, kina mama wengine wakose gari?"
Nikarudi mezani kwangu. Huenda wakalikosa kweli.

Jumanne, tarehe 12
Sili. Mama yangu ananiuliza nina nini, nasema kichwa. Mwongo mimi.

Jumatano, tarehe 13
Nimekaa mbele ya kompyuta siku nzima. Mashine zote zimepoa, prosesa tele, hakuna anayezihitaji. Nachukia kila namba kwenye kioo hiki.

Alhamisi, tarehe 14
Nimekwenda Bodo. Sikumuaga mtu kazini.
Bakari alinikaribisha ndani. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa kitandani, uso ukutani. Nikatoa pole. Nikasema mimi ndiye ninayesimamia mashine ya simu.
Bakari akaniwahi. "Dadangu, nisamehe. Haraka ilinizidi, nikabonyeza vibaya. Mke wangu huyu hajanisemesha tangu Jumatatu, ofisi iliponipigia."
Nikamwambia hakukosea. Alipiga mara tatu na mara zote tatu alibonyeza sawa. Simu ilikawia kwa sababu mashine ilipunguzwa nguvu.
"Nani aliipunguza?"
"Mimi."
Nilingoja anifukuze. Aliziangalia karatasi nilizomletea, zenye kumbukumbu za simu zake, kidole chake kikipita juu ya ile moja, na moja, na moja. Kisha akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.
Mwanahamisi aligeuka taratibu. Akamtazama mumewe muda mrefu. Mimi hakunitazama.
Nikainuka, karatasi nikawaachia. Nikaokota viatu vyangu mlangoni, nikavivalia nje.